Neno la Watu wa Mapangoni

Jirani anajenga, na harufu ya kokoto zilizomwagiwa maji imenirudisha darasani. Mwalimu aliandika ubaoni neno refu la Kiingereza, troglodaiti. Akasema asili yake ni Kigiriki, mtu aingiaye shimoni, yaani anayeishi pangoni. Kisha akanisimamisha, kwa kuwa mie na mama tuliishi kule chini machimboni Kunduchi, tukiponda kokoto.

“Mfano huu hapa,” akasema. Darasa zima likacheka.

Jioni mama akauliza, “Leo mmefundishwa nini?”

“Hesabu,” nikamjibu.

Asubuhi akanitwika ndoo ya kokoto, mchango wetu wa kazi za kujitegemea shuleni. Wanafunzi tulikuwa tunamjengea mwalimu yule nyumba.