Nilivyojiandika mtunzi

Leo Kariakoo nimeumbuliwa, na nilistahili.

Nimeingia kibanda cha kujaziwa nyimbo kwenye flashi, nakuta spika inapiga albamu ya bendi yetu ya ujana. Magitaa ya fujo, ngoma za mbio, sisi tunawafokea wazazi na walimu.

Binti mmoja mteja, umri wa mwanangu, anaimba neno kwa neno.

"Shikamoo. Unaijua hii? Aliyetunga utadhani alikaa kwetu."

"Marahaba. Aliyetunga ni mimi."

Mwenye kibanda akageuka.

Sele. Mpiga gitaa wetu. Sijamwona tangu bendi ivunjike.

"Rudia, bwana mkubwa. Nani katunga?"

Nikachekacheka. Nikasema jamani, si yameshapita.

"Kwako. Mimi kila siku nawajazia watu nyimbo zangu zina jina lako."

Ukweli ni kwamba zote alitunga Sele. Mimi niliimba tu. Alipolazwa na malaria, nikapeleka kava la kaseti kuchapwa, nikajiandika mtunzi.

Binti akaniangalia kama uchafu.

Nikamnong'oneza Sele samahani.

"Umeniibia mbele za watu, halafu unaniomba msamaha sikioni? Toka."

Ndiyo maana naandika hapa. Mlio na ile kaseti, futeni jina langu, andikeni Sele.

Nimemtumia kwanza yeye asome, kwa namba iliyoandikwa kwenye kibanda chake. Hajasema amenisamehe. Kasema niweke na picha ya kava, watu waone.

Hiyo hapo chini. Nitukaneni tu, sijitetei.