Ubeti Uliofukuza Kunguru

Jamani, mimi mpaka leo nimeduwaa. Wiki ya tatu hii tangu niingie kwenye kile kibanda cha kuweka nyimbo kwenye simu pale Mwanga mjini, na bado nikikaa kumenya muhogo najikuta nimeshika kisu tu, simenyi. Siku hiyo nilitoka Ujiji kufuata sabuni. Kijana wa kibandani akaniuliza, "Mama, nikuwekee taarabu au kaswida?" Nikamwambia, "Niwekee roki." Akanitazama ushungi wangu, akacheka mpaka akashika meza.

Na wewe usicheke. Wenzangu wa rika langu walikua na magitaa ya Kongo yaliyokuwa yakivuka ziwa kwenye redio kila jioni, na mimi nayapenda vilevile. Lakini kipenzi changu hasa ni wimbo mmoja wa wazungu ambao hata jina lake sikuwahi kulijua. Ikabidi nimwimbie kijana yule mbele za watu, la la la, mpaka simu yake ikautambua.

Akauweka. Mwanamume akaanza kuimba taratibu kama anayebembeleza mtoto, beti mbili, kisha gitaa likapasuka. Nikafumba macho. Nikawa nasubiri gitaa lifike mwisho na wimbo uishe, maana ndivyo ulivyokuwa ukiisha maisha yangu yote. Haukuisha. Yule mwanamume akarudi! Akaimba ubeti mwingine mzima ambao sijausikia tangu nizaliwe. Yarabi! Nikamwambia kijana azime, huo siyo wenyewe. Akasema, "Ndiyo wenyewe, Mama, hakuna mwingine." Hapo nikamkumbuka kaka yangu, nikakaa juu ya kreti ya soda bila kukaribishwa.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Baba alikuwa na mitumbwi miwili ya dagaa, na nyumba yetu ya Ujiji ilinuka mawese na samaki kuanzia alfajiri. Bibi alikuwa akisema nyumba isiyonuka mawese ina mgonjwa. Kazi yangu ilikuwa kugeuza dagaa kwenye mchanga na kufukuza kunguru, na ukizubaa kidogo tu bibi anakuita kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. Mchana tunakula ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa kukaanga, halafu baba anawasha redio kaseti yake, na hapo hakuna mtoto wa kusogea.

Kaka yangu alikuwa anasoma bweni Tabora. Likizo moja akarudi na kaseti ya roki aliyopewa na mwalimu wake. Likizo nzima redio ya baba haikuwa na betri, kwa hiyo kaka akatusimulia tu, anaimba nusu anaeleza nusu, sisi tunamwona kachanganyikiwa. Alipopanda treni kurudi shule aliiacha kaseti chini ya godoro akanionya nisiiguse. Betri zikanunuliwa wiki iliyofuata. Mimi huyo, baba kaenda mwaloni kupokea mitumbwi, nikaichomeka. Wimbo wa kwanza haujafika popote, redio ikaila kaseti, utepe ukatoka nje kama utumbo wa kuku.

Nikakimbia nayo kwa Fundi. Fundi alikuwa jirani yetu, mzee ambaye ukoo wake ulivuka kutoka Kongo, mchana anatengeneza redio na siku za harusi anapiga gitaa la solo. Kwake yeye muziki una utaratibu wake: watu wanaimba, kuimba kunakoma, gitaa linaachiwa uwanja, hilo ndilo sebene, mnacheza mpaka mwisho, mnakwenda nyumbani. Niliporudi kuchukua kaseti, siku mbili baadaye, akanipa na kunishika kichwa. "Bazungu banachanganya mambo, mutoto," akasema. "Nimekunyooshea. Sasa kila kitu iko mahali yake." Nikadhani anazungumzia utepe uliojikunja. Dagaa wake walikuwa wameanikwa uani, na juu yao kafunga kipande kirefu cha utepe kwenye vijiti viwili, kinametameta na kuvuma kwenye upepo, kunguru wako mbali kabisa wanatazama. Nikaona Fundi ana akili kweli.

Nikaupenda ule wimbo kwa wizi, kila baba alipotoka. Upande wa pili wa kaseti kulikuwa na wimbo unaoruka ghafla kama mtu aliyekanyaga msumari, nikasema ndivyo wazungu wanavyopenda.

Likizo iliyofuata kaka akaomba ruhusa kwa baba, akawaita majirani barazani wasikie muziki wa maana. Gitaa likaanza. Kaka akainua kidole, uso umemng'aa: "Subirini, sasa hivi anarudi kuimba." Wimbo ukaisha. Watu wakaangua kicheko. Kaka akairudisha nyuma mara tatu, kisha akasema, "Hii imekatwa. Kuna mtu kaipeleka kwa Fundi." Baba akanigeukia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na fimbo ilikuwa nyuma ya mlango, na baba alikuwa amekataza kabisa redio kuguswa. Nikasema, "Wallahi baba, haijatoka humu ndani." Na moyoni nikajiambia, Fundi si ameunga tu?

Baba alikuwa anachukia uongo kuliko njaa. Akaniamini mimi, akasema hawezi kumwita mtu mzima kama Fundi kumhoji kwa neno la mwongo. Kaka akachapwa mbele ya watu wale wale aliowaalika, akaambiwa aniombe radhi. Akaniomba. Toka siku hiyo, kila kaka aliposema jambo, baba alinigeukia mimi kuuliza kama ni kweli. Mitumbwi ilipofika wakati wa kukabidhiwa mtu, akapewa mtoto wa baba mdogo. Kaka akachukua mkewe akapanda Kalinzi, huko milimani, kulima kahawa.

Na mimi nikakua nikiwa hodari wa roki! Muulize yeyote pale Ujiji, atakwambia mimi ndiye ninayejua ipi nzuri ipi takataka. Siwezi kabisa zile ambazo ngoma zinapigwa peke yake kama mtu anayehama na masufuria. Wanaopiga kelele kama wamemwagiwa uji, sitaki. Lakini nilizozichukia kuliko zote ni zile ambazo gitaa likishalia, mwimbaji anarudi. Anarudi kufanya nini? Nimewahi kugombana na mume wangu kwa ajili hiyo, nikamwambia mwimbaji wa namna hiyo hana adabu. Kumbe, ndugu yangu, nilichokiita ladha yangu ni wembe wa Fundi. Ubeti uliokosekana ulikuwa uani kwake unafukuza kunguru, na mimi nilisimama pale nikausifia.

Siku ya pili baada ya kile kibanda nikapanda bodaboda mpaka Kalinzi. Huko juu kuna kona ambayo ukigeuka unaliona ziwa, nikageuka. Fundi ameshazikwa, uani kwake kuna duka la vocha. Kaseti yenyewe iliyeyuka juani siku nyingi. Wimbo ule kama tulivyousikia sisi haupo tena popote duniani, na mtu wa pekee wa kumwambia hivyo ni yule niliyemsingizia.

Kaka alikuwa anaanika kahawa. "Shikamoo kaka." Akaitikia, akanikazia macho. "Marahaba. Nani amefariki?" Nikasema hakuna, nikauwasha wimbo, nikaweka simu mbele yake.

Hakuacha kugeuza kahawa. Gitaa lilipofika mwisho, mwimbaji akarudi, na kaka akaimba naye. Maneno yote, kaka yangu na mvi zake, hakukosea hata moja. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Lakini Fundi naye alikuwa na hoja. Uliishia pazuri."

Nikamwambia yote: godoro, redio, Fundi, wallahi yangu. Nililia, sikufichi. Yeye hakulia. Alikaa akachambua punje mbovu, akazitupa moja moja.

"Unakumbuka baba alipolazwa?" akaniuliza. "Nilishuka nikamwambia, 'Baba, nimekuja kukaa na wewe, sitaondoka mpaka upone.' Akakugeukia wewe. Akakuuliza, 'Eti kweli?'"

Nakumbuka vizuri sana. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nilijibu kwamba ni kweli, na nilijisikia fahari kwamba ni mimi niliyeulizwa.