Mzigo wa Kuni wa Jirani

Siku ile tulikuwa watano jikoni kwa bibi, kijijini Kinyala. Bibi mwenyewe, mama wa baba yangu, aliketi kwenye kigoda chake karibu na mafiga. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amefika asubuhi kutoka Mbeya. Jirani yetu, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja na binti mtafiti. Wa tano ni mimi, mjukuu mkubwa, niliyesimama mlangoni kwa kuwa vigoda vilikwisha. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa chuoni, kwenye mitihani.

Binti yule alieleza kwamba wanapita nyumba zenye wazee wakiuliza juu ya moshi wa kuni, dawa za mashambani, chumvi, usingizi, upweke. Walitaka kujua mambo hayo yanafanya nini kwenye ubongo wa mtu anapozeeka.

"Bado hatujui kipi kinachangia kiasi gani," alisema. "Ndiyo maana tunauliza."

Nilipenda alivyosema ukweli, lakini sikuwa nimemkaribisha kwa ajili ya utafiti. Tangu masika bibi alikuwa akiunguza maharage, na mara moja alirudishwa na watu wa Kawetele, akiwa hajui alikuwa akienda wapi. Mdogo wangu alikuwa ameshaamua: kama akili inamwacha, atamhamishia kwake Mbeya. Mimi niliona kwamba bibi akitolewa kwenye jiko lile atakwisha. Nilitaka mtu wa nje aniambie hali yake, na niliomba kimyakimya aniambie hana shida.

Mwanzo ulinipa moyo.

"Bibi, umeanza lini kupikia kuni?"

"Tangu sijaota matiti," bibi alijibu, na jirani akaangua kicheko.

"Na mbona jiko halina dirisha?"

"La nini? Moshi ndio unaolinda mahindi yangu." Akaonyesha darini, mahindi yaliponing'inia yakiwa meusi kwa masizi. "Wadudu wakiyala, wewe utaniletea unga?"

Binti naye alicheka. Akamtajia bibi maneno matatu ya kukumbuka, ndizi, mvua na jembe, akisema atamwuliza baadaye. Wakaendelea kuzungumza habari za zamani.

"Baba mkwe wako aliitwa nani, bibi?"

Bibi alivuta kitenge, akajifunika kichwa, akageukia ukutani.

Binti akashtuka. "Nimekosea?"

"Hapo umegonga mwamba," jirani alisema. "Jina la baba mkwe! Hata umnyime chakula hasemi."

Nikamweleza kwamba kwetu mwanamke aliyeolewa zamani hakutaja jina la baba mkwe wake, wala hakukutana naye uso kwa uso. Akimwona njiani alijifunika na kumpisha. Mzee yule alikufa miaka mingi iliyopita, ila bibi bado anampisha. Mdogo wangu amerithi jina lake, kwa hiyo bibi hajawahi kumwita kwa jina hilo. Humwita Mkwe, na tangu utotoni tumekuwa tukimtania nalo.

"Nisamehe, bibi. Tuliache hilo," binti alisema kwa upole. "Sasa nikumbushe yale maneno matatu."

Bibi aligeuka. "Ndizi," alisema. Nikaona vidole vyake vinautafuta upindo wa kitenge. Akajifunika, akageukia ukutani.

Hakuna aliyecheka. Kwenye mvua na jembe hakuna baba mkwe.

Binti aliuliza huu ni mwezi gani. Kitenge. Akauliza asubuhi amekula nini. Kitenge.

Hapo ndipo nilipoelewa miezi yote iliyopita. Nilipomwuliza chumvi ameiweka wapi, alijifunika, nikadhani amekasirika. Mdogo wangu alipokuja Krismasi, bibi alikaa amempa mgongo mpaka chakula kikaisha, naye akawa anasema, "Leo Mkwe nimeheshimiwa!" Tulicheka sote. Heshima ilikuwa imempa bibi mahali pa kujificha, na sisi tukamwacha ajifiche.

Mdogo wangu alichuchumaa mbele yake. "Bibi, mimi ni nani?"

Ndani ya kitenge bibi alijibu, kwa sauti nzuri ya kukaribisha watu, "Karibu, mwanangu. Umetoka mbali?"

Mdogo wangu alitoka nje akasimama chini ya mgomba, mvua ikimnyeshea. Nilimfuata.

"Dada, umeona mwenyewe. Jumamosi namchukua."

"Huko kwako atamjua nani?"

"Kwani hapa anamjua nani?"

"Anajua mafiga yalipo."

Alifuta uso.

Binti alipotoka nilimwuliza kama ni moshi uliomfanya vile. Alisema hawezi kusema kwa hakika kuwa ni moshi, labda umechangia, labda ni uzee tu. Tumpeleke hospitali Tukuyu, maana kuna magonjwa yanayofanana na hayo na yanatibika. Tutoboe dirisha. Tusimwache peke yake, apate mtu wa kutembea naye na kuzungumza naye.

Nilibaki na neno moshi. Tulipomzika mama, miezi michache baada ya baba, tulihamia jiko hilihili watoto watatu, katika baridi ya Julai. Kuni za bibi zilikwisha wiki ileile, akaazima mzigo kwa mama wa jirani huyu. Nilipoacha shule na kwenda kuchuma chai, alichochea moto ili nguo zangu zikauke nivae tena asubuhi. Joto tulilipata sisi, yeye akavuta moshi. Sijui ulimfanya nini kichwani, ila najua aliuvuta kwa ajili ya nani.

Bibi hakwenda Mbeya; mdogo wangu alikubali abaki. Niliacha kuchuma chai, nashinda nyumbani, na mdogo wangu huja Jumamosi kunipokea nilale. Hospitali walikuta presha, anameza vidonge, lakini yaliyopotea hayajarudi. Nimetoboa dirisha. Kila siku analiziba kwa gunia, kila siku nalizibua. Tunatembea mpaka barabarani na kurudi, huku akiniuliza mimi ni binti wa nani. Nachoka, mpaka nguvu za kusema nazitafuta.

Jambo moja hajalisahau. "Ule mzigo wa kuni," huniambia, "tumewarudishia wenyewe?"

Mara ya kwanza nilikata kuni, nikajitwika, nikaenda naye aone kwa macho yake. Jirani alipokea kwa mikono miwili kwa niaba ya marehemu mama yake. "Ndaga, bibi," alimshukuru. Bibi alirudi mwepesi kama msichana. Tulipoingia uani aliniuliza tena.

Nimepeleka mingine tangu hapo.

"Dada, mtanijazia nyumba," jirani huniambia. "Siku hizi napikia kuni zenu tu." Lakini hupokea kwa mikono miwili kila mara, na kila mara hushukuru.

Leo asubuhi nimemkuta bibi amekaa mlangoni, kitenge kikiwa mabegani.

"Tusije tukadharaulika, mwanangu," ameniambia. "Kuni za watu hazijarudi."

"Hazijarudi, bibi," nimemjibu, nikachukua panga na kamba.