Munyu wa Kukhu na Kopo la Memsaab

Siku ile naikumbuka kama imetokea leo asubuhi, mwanangu, na bado damu inanichemka. Sina hata unywele mmoja mweupe, lakini nina la kukuambia, na sitangoja nizeeke ndipo niliseme.

Tulikaa Kilimani, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Wazungu ambao baba yako alikuwa mpishi wao. Wewe ulikuwa na miezi saba. Kukhu, bibi yako mzaa baba, alikuwa ametoka upande wa Butere kuja kukulea, na katika mzigo wake alileta chungu cheusi kilichotobolewa matundu chini. Alikuwa anachoma maganda makavu ya maharagwe, anatia majivu yake kwenye kile chungu, anamimina maji juu, na chini yanadondoka maji ya rangi ya chai. Hayo ndiyo munyu. Mboga zetu za majani, kunde ngumu, mrenda, saga, ukitia munyu kidogo tu zinalainika. Mimi mwenyewe nimekua kwa mboga hizo. Lakini nilikuwa nimefika kidato cha pili, mwanangu, na huko nilifundishwa kuona haya.

Kila Jumatano kulikuwa na darasa la mapishi la akina mama katika chumba kimoja cha kanisa. Mwalimu wetu alikuwa Memsaab mmoja mrefu, mkali, asiyekaa chini. Kwa sababu ni mimi peke yangu niliyejua kuandika vizuri, alinifanya karani wake. Yeye anasema, mimi naandika kwa Kiswahili, na maandishi yale yangepigwa chapa yawe kitabu cha kufundishia akina mama Waafrika mji mzima. Mji mzima! Kichwa kilinivimba mpaka nikashindwa kulala.

Basi Memsaab akatangaza kwamba atapita kwetu kukagua usafi. Asubuhi hiyo nikakitazama kile chungu pale pembeni na nikaona aibu. Nikamwaga munyu kwenye mfereji, majivu nayo yakafuata, chungu nikakificha nyuma ya choo. Kukhu alikuwa anakuogesha kwenye karai. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Uliniuliza ni nini?" akasema.

"Ni uchafu, mama. Imeandikwa kitabuni."

"Nani ameandika?"

Nikanyamaza. Niliyeandika ni mimi. Ukurasa wa tisa, kwa mkono wangu: majivu ni uchafu, yasiingie jikoni.

Memsaab alikuja, akapitisha kidole mezani, akanisifu. Jumatano iliyofuata nilikwenda darasani nimenyooka kama bendera. Kukhu alikuja pia, akakaa benchi la nyuma kukushika wewe ili nipate kuandika. Siku hiyo somo lilikuwa kunde.

"Hii mboga ya Afrika iko ngumu sana," Memsaab akasema kwa Kiswahili chake cha kuagizia watumishi. "Leo mimi naonyesha nyinyi kitu ya akili." Akatoa kikopo, akachota unga mweupe kwa ncha ya kijiko, akautia kwenye sufuria. Baada ya muda akatugawia tuonje. Kunde zilikuwa laini kabisa. Kukhu akachukua jani kwa vidole, akalitafuna taratibu, akameza.

"Munyu huu wameutoa wapi?" akauliza.

Haki ya Mungu, darasa lilipasuka! Wanjiru wa Kabete, ambaye alipita vizuizi viwili vya askari na pasi yake ya ruhusa ya kutembea mkononi ili afike darasani, alipiga meza. "Nyanya amesema kweli! Ni munyu! Umewekwa kwenye kopo!"

Mimi sikucheka. Niliona ule mfereji, niliona munyu wa mama wa watu ukienda na maji machafu. Nikasimama.

"Memsaab, hilo kopo kazi yake nini?"

"Nalainisha mboga."

"Na majivu yetu yanayolainisha mboga hiyo hiyo, mbona tumeandika ni uchafu?"

"Hii iko safi. Hii iko na kipimo."

"Basi tupime munyu!" Sauti ilinitoka kubwa mpaka wewe ukalia.

"Karani, kaa chini. Kitabu nakwenda kwa mtambo ya chapa Ijumaa."

"Nitakaa nikishaandika."

Nikageukia nyuma nikiwa na penseli mkononi. "Mama, niambie unavyofanya."

Kukhu hakunionea huruma, na alifanya vizuri. "Leo ndiyo unaniuliza?"

"Leo, mama."

"Chungu changu kiko wapi?"

Wanawake wote wananitazama. "Nyuma ya choo, mama."

Walinicheka mpaka wengine wakafuta machozi kwa leso. Kukhu akakuhamishia bega la pili. "Andika basi," akasema.

Mwanangu, yule mama hajui hata herufi moja, lakini alijua kila kitu. Maganda yakauke mpaka yapasuke yenyewe. Yachomwe juu ya kigae, yasiguse udongo. Maji ya kwanza ni makali, yamwagwe. Mboga za sufuria moja ni kijiko kidogo, ukizidisha zinakuwa chungu. Mtoto mchanga hapewi. Kipimo ambacho Memsaab alisema hatuna, Kukhu alikuwa nacho mdomoni, na mimi nimelala naye chumba kimoja miezi yote hiyo nisimuulize!

Nikampa Memsaab ukurasa ule. Hakuupokea. Akanivua ukarani pale pale, na cheti walipewa wote isipokuwa mimi. Baba yako aliogopa tutafukuzwa chumbani. Tulikaa wiki mbili tukiwa tumefunga mizigo, na hakuna aliyekuja kutufukuza.

Vitabu vilipotoka, ukurasa wa tisa ulikuwa vile vile. Wanjiru akaja kwangu na kitabu chake. "Karani," akaniita, maana yeye hakuwa amenivua kitu, "ule mwingine uko wapi?" Nikaunakili kwa mkono. Wakaja wa Kilimani, wakaja wanaowafulia Wazungu nguo kule mtaa wa Hill, kila mmoja na kitabu chake. Mimi naandika, Kukhu anapaka uji mzito na kubandika juu ya yale maneno yangu ya aibu mpaka yasionekane tena. Nilikuwa na furaha ya kutaka kukimbia!

Basi sikia. Soma vitabu vyao, vyote, usiogope hata kimoja. Lakini ukiandika kwamba watu wako hawajui kitu, kwanza uwe umewauliza. Na ukikuta jambo lenu limewekwa kwenye kopo la mwingine likaitwa akili, usinyamaze kama nilivyonyamaza pale kwenye karai. Sema, hata kama watakuvua cheo.

Mungu akupe macho ya kusoma, akupe na mdomo wa kuuliza. Akujalie uwe karani wa watu wako, na mkono wako usichoke. Nakala moja nimekuwekea. Kukhu, kwa kutojua kusoma, aliubandika ukurasa wake juu chini, nami sikuubandua. Ukifika wa tisa, geuza kitabu, mwanangu, usome.