Mstari wa Mama Rula

Mama Rula hakupewa jina hilo kwa ukali, ingawa mkali ni mkali kweli. Alipewa kwa sababu miaka ishirini na sita katika idara ya mipango miji hakuna aliyewahi kumwona bila rula mkononi. Wabaya wake walisema hata chai anakorogea hiyohiyo. Alikuwa mchora ramani. Wakubwa walikuja na shahada zao wakamkuta, wakapanda vyeo wakamwacha palepale dirishani. Wengine aliwafundisha yeye kusoma skeli ya ramani, na mwaka wa pili wakamtuma akawanunulie vitumbua. Jamani, watu hawana haya!

Alipofika miaka hamsini na moja akasema basi, imetosha. Digrii ya kwanza alishaipata kwa masomo ya jioni. Sasa akajiandikisha shahada ya uzamili ya mipango ya miji na mikoa. Ofisini walicheka mpaka mbavu ziliwauma. Mumewe, fundi wa mafriji, ndiye hakucheka. "Nenda, mama watoto," alimwambia, "jikoni niachie mimi." Akapika kweli miaka miwili, na watoto wakavumilia.

Darasani wenzake walikuwa rika la bintiye. Walimzidi kompyuta, yeye akawazidi miguu. Wao wakiutazama mtaa kwenye skrini, yeye huyoo, kavaa raba, kashika utepe wa kupimia, kaenda kuupima. Kwa tasnifu yake alichagua mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, wenye nyumba thelathini na moja zilizopigwa X nyekundu. Halmashauri ilidai zimejengwa juu ya barabara, kwa hiyo zibomolewe bila fidia hata senti. Na mpango wa kuipanua barabara hiyo aliuandika Profesa mmoja wa chuo chake, ambaye ndiye mwenyekiti wa jopo litakalomtahini.

Alipima siku tatu. Barabara hakuiona. Si lami, si changarawe, si hata mtaro wa zamani. Aliona kuta zilizosimama tangu yeye hajaajiriwa.  Siku ya kazi iliyofuata akafungua makabati ya ramani za zamani, akachambua karatasi mpaka vumbi likamkaba koo, akaipata rasimu ya mpima ardhi. Pale barabara ilichorwa kwa penseli, nukta nukta, maana yake inapendekezwa, bado haipo. Chini yake kulikuwa na nakala rasmi ya wino, na humo nukta zimegeuka mstari mzima, mnyoofu, safi, yaani barabara ipo. Pembeni kulikuwa na herufi mbili za aliyechora. Zilikuwa zake, za mwaka wake wa pili kazini.

Miaka yote hiyo kila aliyenakili ramani ile alinakili kosa lake.

Nyumbani alimweleza mumewe bila kuficha kitu. Fundi akaweka bisibisi chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na ukisema?"

"Naweza kumwaga unga. Na Profesa akikasirika, shahada nayo naisikia hivihivi."

"Na usiposema?"

Mama Rula alinyanyuka. Alikwenda kupiga pasi gauni la siku ya kuitetea tasnifu.

Siku ikafika. Chumba kidogo, feni inalalamika, wanajopo watatu na chupa zao za maji. Fundi alikaa nyuma kabisa ndani ya koti lililombana, anatokwa jasho kuliko mtahiniwa. Mama Rula alieleza kazi yake vizuri, sauti haikutetemeka. Ndipo Profesa akaigonga skrini kwa kalamu.

"Mama, ramani rasmi ina barabara hapa. Yako haina. Mwanafunzi wa uzamili anafutaje barabara nzima?"

Mtahini mmoja akacheka.

"Sikuifuta, Profesa. Haijawahi kuwepo."

"Ramani rasmi inasema ipo."

"Ramani rasmi niliichora mimi. Nilikosea."

Lo! Hata aliyecheka akasogeza kiti mbele. Mama Rula akakunjua karatasi zote mbili mezani, akaonyesha nukta, akaonyesha mstari, akaonyesha herufi zake. Profesa akavua miwani, akainama, akaufuata ule wino kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ungeweza kuonyesha kosa bila kujitaja," akasema polepole.

"Ningeweza. Lakini halmashauri ingesema rasimu ndiyo yenye makosa. Lazima aliyekosea ajitokeze."

Mama Rula na mumewe wakatolewa nje. Walisimama kwenye korido nusu saa, mume kamshika mkono kama wachumba. Walipoitwa tena, Profesa alikuwa amesimama.

"Nimeuandikia mtaa ule kurasa mia mbili," alisema. "Nimepita pale mara nyingi, na sijawahi kushuka garini. Mama, umefaulu, na huna masahihisho. Mwenye masahihisho ni mimi. Barua ya kuuondoa mpango wangu naiandika leo."

"Huyo ni mke wangu!" Fundi alipiga kelele.

"Tumeshajua, baba," mtahini mmoja akamjibu.

Ofisini alipewa onyo la maandishi, akalisaini bila kununa. Wiki tatu baadaye amri ya kubomoa ikafutwa. Mama Rula hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe mtaani. Nje ya nyumba ya kwanza alimkuta mshonaji anasugua ukuta kwa brashi na maji ya sabuni.

"Wewe si yule mama wa utepe?" mshonaji akauliza. "Wanasema ndiwe uliyetuokoa."

"Ndimi niliyewatia matatani, dada. Ule mstari wa barabara kwenye ramani niliuchora mimi."

Mshonaji akamtazama, povu linamchuruzika kwenye kiwiko. Kisha akachovya brashi ya pili kwenye ndoo, akamkabidhi.

"Basi anza kwa jirani. Yeye mgongo unamsumbua."

Mama Rula akakunja mikono ya gauni, akasugua X ile mpaka mabega yakamuuma, na nakwambia, hakuna siku aliyojiona mtaalamu wa mipango miji kamili kama siku hiyo.