Eria ya Ishirini na Tano

Othmar wa Kitura alikuwa mtu wa namba. Kwa miaka kumi na saba chama cha msingi kilimtumia kuorodhesha mashamba ya kahawa. Kila shamba aliligongea kigingi, kila kigingi akakitia kibati, na kila kibati akakiandika namba kwa rangi nyeupe. Ukitoka shamba la ishirini na nne ukavuka mfereji, umeingia la ishirini na tano. Hata bwana shamba mgeni kutoka Mbinga mjini hakuhitaji kuuliza njia. Alifuata vibati akafika. Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakapanda milimani na malori yao, hakuna aliyejali vibati. Wao walitaka kilo. Chama kikalegea na kazi ya Othmar ikafa, lakini ile imani ya kwamba kila kitu chenye namba kina jirani yake haikumtoka.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya Juni, mwaka 1996, aliposhuka stendi ya Lilongwe akiwa na vumbi la safari na macho mekundu, hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa amevuka ziwa kwa meli, akalala akiwa amekaa ndani ya basi kutoka Mzuzu, na sasa kilichobaki ni kipande kidogo tu. Ndani ya koti alibeba bahasha ya paroko yenye cheti cha ubatizo cha binti yake Marselina. Marselina alikwenda Malawi na shangazi yake kuuza maharage, akabaki, akapata mchumba, fundi cherehani aitwaye Tadei. Ndoa ilikuwa asubuhi hiyohiyo saa nne. Padre alikuwa ameshasema kwamba bila cheti hafungishi, na saa tano anaondoka kwenda vigangoni, hamngoji mtu.

Barua ya Marselina ilikuwa fupi: "Baba, panda basi la mtaa wa Eria ya 25, kanisa liko mwisho wa basi. Ukikwama, uliza." Othmar alipoisoma nyumbani alimwambia mkewe, Gertruda, "Hawa ni watu wenye akili. Wameupiga mji wao namba."

Basi dogo la ishirini na tano alilipata mara moja. Injini ilikuwa inanguruma na lilibakiza kiti kimoja.

"Bambo! Bambo, kiti kimoja tu, tunaondoka!" alipiga kelele mpiga debe, kijana mrefu mwenye fulana ya njano, akimwita baba kwa lugha ya mji ule. Othmar alikuwa ameteremka ziwani miaka mingi kubadilisha maharage kwa dagaa, na Kinyasa cha huko kilimsaidia. Kati ya maneno matatu ya watu hawa alikamata mawili. Akapanda. Saa ilikuwa moja na nusu.

Akaja mama mmoja na kapu. Mwanamume aliyekaa mbele akainuka, akashuka, mama akakaa. Akaja mzee mwenye sanduku na mwenzake. Wawili wakashuka. Dereva akavuta basi mbele hatua tano, abiria wakajiweka sawa, kisha akalirudisha kinyumenyume mahali palepale.

"Mbona watu wanashuka kabla ya kwenda?" Othmar alimuuliza jirani yake, mtu mzima mwenye kofia ya sufu.

"Wale? Wale hawaendi popote, bambo. Wameajiriwa kukaa."

"Wameajiriwa kufanya nini?"

"Kukaa. Basi tupu nani atalipanda?"

Othmar alimtazama vizuri. "Na wewe?"

Yule mtu alisafisha koo, akatazama dirishani. Wasichana wawili walikuwa wanakuja mbio. "Mimi pia," alisema, akaomba njia na kushuka.

Othmar aligeuka akawatazama waliobaki. Huko kwao basi likichelewa, limeharibika, au dereva amelewa. Sababu unaiona kwa macho. Hapa alikuwa amekaa saa nzima katikati ya watu wazima wanaolipwa kujifanya wanasafiri. Wa kweli, alipowahesabu, walikuwa sita.

Wakati huohuo, upande wa pili wa uwanja, basi jingine lilianza kuondoka taratibu, likiwa limejaa hadi mlangoni, na kondakta wake akiita, "Ishirini na nne! Ishirini na nne!"

Hakufikiri mara mbili. Ishirini na nne! Angeshuka, angevuka mfereji, barabara au chochote kilichokuwapo, angekuwa ishirini na tano kabla hawa wahuni hawajapata abiria wa saba. Akashuka akikimbia. Kijana wa fulana ya njano akamwitia, naye akajibu kwa mkono, bila kugeuka.

Eria ya ishirini na nne ilikuwa nyumba za matofali, uwanja wa mpira na migomba. Othmar alitembea hadi nyumba zilipokatika, hakuona kanisa. Akarudi, akashika upande wa pili, akatokea kwenye bango lililosema ishirini na tatu. Akafurahi: kumbe amekosea upande tu. Akageuka tena. Ilipofika saa tatu na nusu alikuwa amelizunguka eneo zima, shati limemganda mgongoni, na kwa mara ya kwanza akasimama kuuliza, kwa mama aliyekuwa akikaanga maandazi.

"Ishirini na tano?" Mama aliacha kijiko ndani ya mafuta. "Bambo, umeipa mgongo. Iko kule, ng'ambo ya mji kabisa. Hata ukitembea mpaka mchana hufiki."

"Mama, hapa si ishirini na nne?"

"Ndiyo hapa."

"Inayofuata ni ipi?"

"Inayofuata nini?"

"Baada ya ishirini na nne!"

Mama alimwangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Baba wee, namba zilitolewa kila mtaa ulipopimwa. Wa leo huku, wa kesho kule. Nani alikwambia zimepangwa?"

Hakuna aliyemwambia. Hilo ndilo lililomuuma. Akapanda basi la kurudi stendi huku akiwatukana kwa Kimatengo wapimaji wote wa mji ule.

Stendi, basi la ishirini na tano lilikuwa palepale, au ndugu yake. Othmar alipanda, safari hii akimuuliza kila aliyekaa, "Wewe unakwenda kweli?" Watu wakacheka, wengine wakanuna. Alikuwa ameshakaa robo saa, saa nne imepita, alipoguswa begani. Kijana wa fulana ya njano.

"Mzee, shuka sasa. Abiria wamekuja." Akamwekea sarafu kiganjani.

"Nishuke kwa nini?"

"Si ulikuwa umekaa asubuhi, ukashuka? Nani amekuleta kukaa, Ilyasi? Mwambie Ilyasi mzee wake hajui kazi, anashuka kabla hajaambiwa."

Basi zima lilipasuka kwa kicheko. Othmar alisimama, kichwa kikagonga paa. Akatoa bahasha ya paroko, akaitikisa mbele ya pua ya yule kijana. "Mimi ni baba wa bibi harusi! Naenda ndoani! Tangu saa moja naenda ndoani!"

Kicheko kikakoma. Bibi mmoja nyuma akamfokea dereva amwogope Mungu na awashe gari. Liliondoka saa nne na nusu, likiwa na viti viwili vitupu, jambo ambalo mpiga debe alilalamikia mpaka hawakumsikia tena.

Alifika saa tano na nusu. Padre alikuwa ameondoka nusu saa kabla, kwa pikipiki. Marselina alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa, gauni jeupe limekusanywa mapajani lisishike vumbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Tumetuma watu stendi mara mbili. Walikuita kwa jina. Ulikuwa wapi?"

"Ishirini na nne."

"Ishirini na nne kufanya nini?" Kisha akaelewa, maana alikuwa binti yake. "Baba. Si nilikuandikia uulize?"

Othmar alimkabidhi bahasha ya paroko. Wali ulikuwa umepikwa na wageni walikuwa na njaa, kwa hiyo siku hiyo watu walikula karamu ya harusi isiyofungwa. Yeye hakugusa chakula. Jioni akaja mwenye duka kuchukua gauni lake, maana lilikodiwa kwa siku moja, na Marselina akalivua.

Padre aliwafungisha Jumatano, baada ya misa ya saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya watu tisa. Bibi harusi alivaa kitenge. Meli ya Othmar ilikuwa imeondoka Jumanne, na kahawa ilikuwa inaivia mitini Kitura, Gertruda akichuma peke yake.

Alipofika nyumbani wiki iliyofuata, Gertruda hakumuuliza habari za mji. Aliuliza gauni lilikuwaje.

"Jeupe," alisema Othmar. "Refu, linaburuta." Akaomba maji ya kuoga.