Kishikwambi na Nguo za Mwali

Mwali wa kwanza wa dada yangu alitoka unyagoni kwa nguo za kuazima, na kosa lilikuwa langu. Nasema langu, ingawa dada naye alituma habari kwa mdomo wa mpita njia. Mimi ni fundi cherehani hapa Masasi, nimeishia darasa la saba, tarehe naziandika kwenye daftari la vipimo. Tarehe ile niliiandika pembeni ya vipimo vya suruali ya mteja. Mteja akachukua suruali yake, nami nikafunua ukurasa mwingine. Shughuli ilikuwa Jumamosi, mimi nilifika Jumapili, nguo begani, nikakuta watu wanaosha masufuria. Kwetu mjomba ndiye anayemvika mwali. Dada hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimekula.

Ilipofika zamu ya mwali wa pili, dada alipiga simu mwenyewe. "Mdogo wangu, Jumamosi, jua halijapanda. Safari hii sikungoji."

Nikaogopa kichwa changu. Nikaenda kwa yule mama wa Kilimanjaro mwenye duka karibu na stendi, anayeuza vishikwambi vilivyotumika. Alinitolea viwili, vidogo vya kuenea kiganjani. Cha kwanza kilikuwa na kalenda yenye kengele, basi. Cha pili kilikuwa na kalenda kama hiyo, na ramani inayosoma satelaiti, na habari za barabarani papo hapo.

"Foleni ikitokea mbele, njia inageuka nyekundu," akasema.

"Foleni ya nini, mama? Hapa Masasi?"

"Siku ukienda Dar utanikumbuka."

"Niende Dar, cherehani nimwachie nani?"

Akacheka. "Shika tu, baba. Kushika si kununua."

Nilishika. Katikati ya kioo palikuwa na nukta ya bluu, kama inapumua. Akaniambia ndiyo mimi. Sijui kama inafaa kuandika hivi, lakini nilihisi kuna kitu juu sana, kupita tai, kinanitazama taratibu. Nikasukuma kwa kidole. Masasi ikateleza, Newala ikaja ukingoni mwa uwanda wa juu, na chini yake mto Ruvuma kama uzi uliodondoka sakafuni. Nikatafuta nyumba ya dada, nikakuta kijani kitupu.

Yule mama hakunibana, hilo niliseme kwa haki yake. "Kaa nacho mpaka Jumatatu, ukijaribu. Niachie kadi ya pikipiki."

Jumamosi kililia alfajiri, kama kilivyoahidi. Nikafunga gauni na kanga ndani ya mfuko, nikapanda pikipiki. Kwenye kona za kupandia uwanda wa juu palikuwa na ukungu, na sauti ya mwanamke ndani ya mfuko wa shati ikaniambia niendelee moja kwa moja. Nilikuwa kama ninayeota. Nukta inapanda, nami napanda, sijui nani anamfuata mwenzake.

Nilipopita Kitangari ikaniambia nipinde kushoto. Nikapinda.

Yalikuwa majuma yale watu wanapofagia chini ya mikorosho, ili korosho zikidondoka zionekane. Mchanga mweupe, safi, kutoka mti hadi mti. Kila upande ni kama barabara. Mtu wa huku anajua ajihadhari, nami nimezaliwa huku, ila nilikuwa nimekitoa mfukoni, natazama kioo. Nikaenda kati ya mashina, mashina yakaja mengine yaleyale, kimya, kivuli juu ya kivuli. Nikasimama. Nukta nayo imesimama, katikati ya kijani. Kioo kinasema mbele hakuna foleni. Jua lilikwishaanza kupanda.

Akatokea mwanamke mtu mzima, ndoo tupu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajitazama kwenye kioo katikati ya mikorosho ya watu?"

"Nakwenda kwa mwali. Mimi mjomba wake."

Akanikazia macho. "Yule wa Jumapili?"

"Ndiye."

"Loo! Leo umekuja Jumamosi!" Akacheka mpaka ndoo ikagonga goti. "Tazama chini. Sote tunapeleka maji kule, mimi narudi kuteka. Fuata matone, na uwahi, yanakauka."

Nikatazama. Juu ya mchanga uliofagiwa palikuwa na matone meusi, moja, jingine, jingine, kama mshono. Nikaufuata polepole, huku nyuma yangu jua likiufumua.

Mbele ya nyumba wanawake walikuwa wameziba njia kwa ngoma, bega kwa bega. Kioo bado kinasema njia nyeupe. Nikanyanyua mfuko, ukapita mikono kwa mikono juu ya vichwa mpaka kwa dada mlangoni. Alichungulia ndani ya mfuko, akanitafuta kwa macho, akaingia nao. Mwali alitoka na gauni langu. Kiuno kilikuwa kipana kidogo, nakiri. Vipimo nilipewa kwa simu.

Baadaye dada akaja. "Umekula?"

"Bado," nikasema.

Jumatatu nilimweleza mwenye duka ukweli wote: kengele haikunidanganya, ramani ilinipoteza, lakini nayo haikuambiwa habari za kufagia.

"Basi chukua cha kalenda, ni rahisi zaidi," akasema, ingawa kwa neno hilo alijipunguzia faida.

Nikachukua cha ramani. Huenda nimekosea. Ila nilipokuwa nimesimama mlangoni kwa dada, nukta imetulia, nilibonyeza nikaweka alama, na kile kijani si kitupu tena.